Asili, Kazi na Kadara

Wazee wetu walituachia methali mbili zisizopatana. Ya kwanza husema: mwana wa nyoka ni nyoka. Ya pili husema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtu mvivu wa kufikiri huzitumia zote mbili kwa kadiri zimfaavyo. Akimchukia jirani hushika ya kwanza, na akimsifia mwanawe hushika ya pili. Lakini mtu apendaye haki hana budi kuamua ni ipi iliyo karibu na kweli. Katika insha hii nataka kuzipima methali hizo kwa kipimo ambacho huenda msomaji hakukitazamia, nacho ni mchezo wa mezani uchezwao kwa karatasi, kalamu na dadu.

Mchezo huo huitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, nao umekuwa mama wa michezo mingi ya namna yake. Hauna ubao ulio lazima, wala hauna mshindi. Watu wanne au watano huketi pamoja. Mmoja wao huwa msimulizi, naye hueleza pango, msitu au mji. Wengine kila mmoja hushika mhusika wake na kusema atakalotenda. Jambo likiwa la mashaka, kama kuruka shimo au kupigana na zimwi, dadu hutupwa, na iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile yenye pande 20. Msomaji ataona kwamba jambo hili si geni sana kwetu. Ni ngano ya jioni, ila wasikilizaji wamepewa ruhusa ya kuingia ndani ya ngano na kuigeuza.

Yamkini mtu atauliza: je, mchezo nao wastahili uhakiki kama riwaya au tamthilia? Nasema wastahili. Kanuni za mchezo ni maandishi, na kila aandikaye kanuni huweka ndani yake imani yake juu ya ulimwengu. Mwandishi wa riwaya hutuambia kwamba mtu fulani alishindwa. Mwandishi wa kanuni hutuambia ni nani awezaye kushinda na ni nani asiyeweza kabisa. Hilo la pili lina nguvu zaidi, kwa sababu mchezaji hulitii bila kulihoji.

Kila mchezaji huanza kwa kujaza karatasi ya mhusika. Hapo hukutana na maswali mawili makubwa. La kwanza: umezaliwa nani? La pili: wafanya kazi gani? Katika vitabu vya mwaka 1974 mtu aliweza kuzaliwa binadamu, au dwafu, yaani mfupi mwenye ndevu achimbaye madini milimani. Au elfi, mrembo wa msituni aishiye karne nyingi. Au hobiti, mdogo kama mtoto, mpenda chakula na amani. Viumbe hawa mchezo uliwapata zaidi katika vitabu vya J. R. R. Tolkien, Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Kazi nazo zilikuwa tatu: mpiganaji, mchawi na kuhani. Mwaka uliofuata, 1975, ikaongezwa ya nne, ya mwizi.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe, maana uhakiki mwema huanza katika maneno. Neno la Kiingereza lililotumika kwa swali la kwanza ni lile lile limaanishalo mashindano ya mbio, na pia limaanishalo aina za watu kwa rangi ya ngozi. Tulitie katika Kiswahili namna gani? Tukisema rangi, tumewarudisha watu kwenye ngozi. Tukisema kabila, tumeingia katika nyumba yetu wenyewe, na mambo ya nyumba hiyo tunayajua. Mimi nimelichagua neno asili, lakini hata hilo lina mzigo wake. Kadhalika dwafu. Kamusi zetu zingetuelekeza kwenye neno mbilikimo; lakini neno hilo limetumiwa kwa watu halisi wa misitu ya Kongo, watu wenye majina yao wenyewe, kama Wambuti na Watwa. Kumwita kiumbe wa njozi kwa jina la jirani aliye hai ni kumfanya jirani awe njozi. Neno la swali la pili lina mtego wake pia, kwa kuwa kwa Kiingereza laweza kuwa darasa la shule au tabaka la matajiri na maskini. Katika mchezo maana yake si hizo. Maana yake ni ufundi ambao mtu amejifunza. Kwa hiyo mimi naliita kazi.

Tukiisha kuyasafisha maneno, tuzitazame kanuni. Mwaka 1974 dwafu aliruhusiwa kuwa mpiganaji tu, wala hakuweza kupita daraja ya sita. Hobiti aliishia daraja ya nne. Binadamu hakuwekewa kikomo. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kanuni ziliongezwa kuwa majedwali marefu. Dwafu mwenye nguvu kuliko wote aliweza kufika daraja ya tisa ya upiganaji, na elfi ya saba. Dwafu hakuweza kujifunza uchawi hata kidogo, angekuwa na akili namna gani. Lakini mwanafunzi atazame kwa makini sehemu moja ya jedwali hilo. Ilikuwapo kazi moja ambayo dwafu, elfi na hobiti wote waliruhusiwa kupanda ndani yake bila kuzuiwa na asili yao. Kazi hiyo ilikuwa wizi. Na aliyezaliwa nusu binadamu nusu orki, yaani jitu la vita, aliachiwa kazi moja ya kupanda hivyo: kuua watu kwa ujira. Mwaka 1981 toleo jingine lililokusudiwa kwa wanaoanza lilikwenda mbali zaidi, likaziunganisha asili na kazi kuwa kitu kimoja. Binadamu aliweza kuwa mpiganaji, kuhani, mchawi au mwizi. Dwafu alikuwa dwafu, basi.

Haki yataka tusikilize upande wa pili. Watunzi walikuwa na hoja. Elfi huona gizani, huishi miaka mingi, na hujaliwa vipawa ambavyo binadamu hana. Kama asingewekewa kikomo, ni nani angechagua kuwa binadamu? Kikomo kilikuwa bei ya kipawa. Tena waliutaka ulimwengu wao uwe wa binadamu hasa, na viumbe wengine wawe wageni ndani yake. Hoja hii ina uzito kwa mtu ajaliye usawa wa mchezo, wala hatuna sababu ya kudhani kwamba kila aliyeipenda kanuni alikuwa adui wa watu. Lakini mtungaji hana uwezo wa kuzuia kanuni yake isifanane na mambo ya duniani. Na sisi tuishio mashariki mwa Nairobi tunayo mambo ya kuifananisha nayo.

Makadara ni eneo lenye mitaa kama Maringo, Jericho, Hamza, Kaloleni na Makongeni. Mingi ya mitaa ya Eastlands ilijengwa katika zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, wakati mji ulipogawanywa kwa rangi: Wazungu vilimani magharibi na kaskazini, Wahindi katika sehemu kama Ngara na Parklands, na Waafrika huku bondeni karibu na reli na viwanda. Kuanzia miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika alilazimika kuchukua kipande, cheti kilichofungwa ndani ya kikebe na kuning'inizwa shingoni. Ndani yake iliandikwa kabila lake, alama za vidole vyake, mwajiri wake na mshahara wake. Kilikuwa karatasi ya mhusika kweli kweli. Tofauti ni kwamba aliyeichukua hakuijaza yeye, wala hakuweza kuinuka mezani na kusema kwamba amechoka kucheza.

Na vikomo vya daraja navyo vilikuwapo. Kwa miaka mingi Mwafrika katika sehemu kubwa ya Kenya alikatazwa kupanda kahawa. Hata majaribio yalipoanza katika miaka ya 1930, yaliruhusiwa mahali pachache tu, kama Kisii, Embu na Meru. Mlango ulifunguliwa kwa upana baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Udongo ulikuwa ule ule kabla na baada, na mikono ile ile. Kilichobadilika ni jedwali. Aliyesema zamani kwamba Mwafrika hawezi kulima kahawa alikuwa amezuia jaribio, kisha akalitumia zuio lake kuwa ushahidi. Hiyo ndiyo hila kubwa ya kila kikomo cha asili: humfunga mtu miguu, kisha humcheka kwa kuwa hakimbii.

Kwa hiyo tufanye ubaguzi wa mawazo, ambao ni ubaguzi wa pekee ulio halali. Tofauti za mwili ni jambo moja; tofauti za akili na adili ni jambo jingine. Ndege huruka na samaki huogelea, wala hakuna aliyedhulumiwa. Mtungaji akisema kwamba elfi huona gizani, hajamtukana mtu. Lakini akisema kwamba orki wote ni wakatili tangu tumboni, ameumba kiumbe mwenye lugha, watoto na maziko, kisha akamnyima dhamiri. Mchezaji humwua kiumbe huyo pasipo kuuliza kosa lake, maana kosa lake ni kuzaliwa. Kiumbe asemaye na kuwaombolezea wafu wake ana dai kwetu hata akiwa wa karatasi, kwa sababu moyo uliozoea kutouliza mezani hauhakikishiwi kwamba utauliza barabarani.

Wenye mchezo wenyewe wameliona jambo hili hatua kwa hatua. Mwaka 2000 toleo la tatu liliondoa vikomo, na kila asili ikaweza kushika kila kazi. Mwaka 2020 kitabu cha nyongeza kiliwaruhusu wachezaji kuhamisha nyongeza za nguvu na akili zilizokuwa zimefungwa kwenye asili. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2024 kimeliacha neno la zamani na kutumia spishi, na orki amewekwa humo kuwa mhusika halali kati ya asili kumi. Nyongeza za nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba sasa hutoka katika malezi ya mhusika: kama alikuwa mkulima, askari, msomi, mhalifu au mtumishi wa hekalu.

Hapa wengi hushangilia na kufunga kitabu. Mimi naomba tusikifunge bado. Ni kweli kwamba mchezo umeihama methali ya nyoka na kuhamia methali ya malezi. Lakini je, malezi ni uhuru? Kijana wa Viwandani hakuchagua mahali alipolelewa kama vile hakuchagua kabila lake. Wako waajiri ambao, wakimaliza kuuliza jina, huuliza wakaa wapi. Na ukitaja mtaa fulani wa Eastlands, macho hutazama chini kwenye mifuko yao. Mtu huyo hakusema kwamba umezaliwa mwizi. Amesema kwamba umelelewa mwizi, na mlango umefungwa vile vile. Kubadili jina la kikomo si kukiondoa. Mchezaji wa mwaka 2024 ana bahati ya kuchagua malezi yake kwa kalamu. Kalamu hiyo sisi hatukupewa. Jina Makadara lenyewe humkumbusha msikilizaji kadara. Sisemi kwamba mtaa ulipata jina lake hapo. Nasema kwamba sikio husikia, na moyo hujibu.

Jambo la tatu lilinijia kutoka kwa wanafunzi wangu wenyewe. Kikundi chao kiliamua kuutunga mchezo huu upya kwa Kiswahili, wenye majini na mazimwi badala ya elfi na orki. Nia ilikuwa njema, maana kukopa ni kuzuri lakini kumiliki ni kuzuri zaidi. Wageni wamekwisha kututangulia: mwaka 2002 kilitolewa Marekani kitabu kiitwacho Nyambe, kilichotaka kuutia mchezo huu sura ya Afrika, na miongoni mwa viumbe vyake limo jina letu la kitunusi, pepo wa majini. Basi vijana wangu walipofika kwenye swali la asili, mmoja alipendekeza watumie makabila ya Kenya. Jedwali likaanza kuandikwa ubaoni: hawa nyongeza ya nguvu, hawa nyongeza ya ujanja wa fedha, hawa nyongeza ya usemi, hawa ya uganga. Sitayataja makabila yenyewe. Kila msomaji Mkenya aweza kulijaza jedwali hilo bila msaada wangu, na hapo ndipo penye la kutisha. Walikuwa wakicheka, na kicheko hakikuwa cha chuki. Lakini wengi wao walizaliwa baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba mwaka 2007, wakati watu zaidi ya 1,000 walipouawa katika nchi hii, na wengi waliulizwa kwanza jina au lugha yao. Waliouliza walikuwa na jedwali kichwani.

Msichana mmoja akasimama na kuuliza, "Mwalimu, na mimi ambaye mama ni wa huku na baba ni wa kule, niandike nini?" Darasa likanyamaza. Mchezo wenyewe umelijibu swali lake kwa njia mbili, na hakuna iliyo nzuri. Zamani ulikuwa na jedwali la nusu elfi na nusu orki, kana kwamba mtu hupimwa kwa kibaba. Kitabu cha mwaka 2024 kimewaacha wote wawili nje. Eastlands ina jibu la tatu. Watoto wa makabila yote walipocheza pamoja katika vichochoro vya mitaa hii, walijitungia Sheng, lugha ambayo haikuwa nusu ya yeyote bali ilikuwa yao nzima. Nikamwambia aandike jina lake. Jedwali likafutwa ubaoni, wala si kwa amri yangu. Alilifuta kijana yule yule aliyelianza.

Sasa turudi kwenye swali la pili, la kazi, ambalo naliona kuwa bora kuliko la kwanza, ingawa hupewa heshima ndogo. Asili husema ulikotoka. Kazi husema unachokubali kujifunza. Katika mchezo hakuna azaliwaye mpiganaji wa daraja ya kumi. Wote huanza daraja ya kwanza, dhaifu na waoga, na hupanda kwa kuvuka hatari na kupata uzoefu. Hilo ni fundisho la kweli. Tena chama cha wachezaji hakiwezi kuwa cha wapiganaji watupu, maana watakosa wa kuwaganga; wala cha makuhani watupu, maana watakosa wa kuwalinda. Mwalimu wa mpira pale Camp Toyoyo, Jericho, akitaka kushinda huchagua kipa kwa mikono yake na mshambulizi kwa miguu yake, wala haulizi jina la ukoo.

Hata hivyo kazi nayo isiwe gereza. Masimulizi ya pwani yetu yanamkumbuka Fumo Liyongo. Alikuwa shujaa wa upinde, na kwa hilo angeandikwa mpiganaji. Alikuwa malenga, na kwa hilo angeandikwa mwimbaji. Alitoroka kifungoni kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, na kwa ujanja huo angeandikwa katika safu ya wezi. Kitabu cha mwaka 1978 kilimtaka mwimbaji apite kwanza katika upiganaji, kisha wizi, ndipo ajifunze uimbaji. Njia ndefu ambayo wachezaji wengi waliiona kuwa kero. Liyongo angeielewa. Mtu mkubwa haishi katika chumba kimoja cha karatasi.

Ninalisema hili kwa ajili yenu hasa, wanafunzi. Mtaala mpya wa nchi yetu humtaka aingiaye sekondari ya juu achague mojawapo ya njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Hilo ni swali la kazi lililoandikwa katika karatasi isiyo ya mchezo. Mtasikia sauti nyingi zikitaka kulijibu kwa niaba yenu. Moja itasema kwamba watu wa kwenu ni wa biashara. Nyingine itasema kwamba wasichana si wa hesabu. Nyingine itasema kwamba watoto wa mtaa huu ni wa mpira na muziki, waache vitabu. Kila moja ya sauti hizo husoma katika jedwali la mwaka 1978, ijapokuwa wasemaji hawajaliona kamwe. Sikilizeni kwa adabu, kisha waulizeni ushahidi wao. Na kama ushahidi ni kwamba hakuna aliyewahi, waulizeni kama kuna aliyewahi kuruhusiwa.

Hukumu yangu juu ya mchezo huu basi ni hii. Katika swali la asili ulikosea kwa miaka mingi, na marekebisho yake ni mema lakini hayajakamilika, kwa kuwa umehamisha uzito kutoka damuni hadi malezini pasipo kuuliza nani aliyechagua malezi. Katika swali la kazi umefundisha jambo jema tangu mwanzo, kwamba heshima hupatikana kwa kujifunza na kwa kuhitajiana. Na katika dadu una hekima moja ambayo hata wakosoaji wake husahau kuitaja. Dadu ya pande 20 haijui aliyeitupa. Humwangusha elfi na humwinua hobiti. Mambo yasiyo mikononi mwetu yapo na yatakuwapo. Kadara ina sehemu yake, nasi tuiachie sehemu hiyo. Lakini kikomo kilichoandikwa na binadamu kwa wino si kadara, na kilichoandikwa kwa wino chaweza kufutwa na mkono ule ule uliokiandika.